Mashimo ni ya Serikali, lakini amortisere ni yetu

Kila mara pikipiki inapoanguka hapa kwetu Lubumbashi, jibu ni moja: « Ni shimo. » Manseba anasema ni shimo. Abiria anasema ni shimo. Na sisi tunaosimama pembeni ya njia kuangalia, tunatikisa kichwa na kusema ni shimo. Kweli, mashimo hayakosekani. Mvua ya Novemba ikishika, njia za Katuba na Kasungami zinageuka mito midogo. Mvua ikiisha, maji yanaacha mifereji migumu kama jiwe, na tunaipanda hiyo mifereji mpaka mvua nyingine. Lakini leo tunataka kusema neno ambalo halitafurahisha kila mtu, na litatuuma sisi wenyewe kwanza: shimo halina kosa peke yake. Kati ya shimo na mgongo wa abiria kuna chombo kimoja kilichowekwa pale juu ya kazi hiyo hiyo. Kinaitwa amortisere. Na hicho chombo, hakuna anayekiangalia.

Tuanze na kosa letu. Nyumbani kwetu tuna pikipiki moja, ya namna zile zinazojaa katika kila parkingi. Tuliinunua, tukaiweka mikononi mwa kijana mmoja wa jamaa, naye anatuletea « versement » kila jioni isipokuwa siku ya Mungu. Mara mbili yule kijana alikuja kutuambia: « Papa, nyuma iko inaruka-ruka, amortisere zilishakufa. » Mara mbili tulimjibu kama mapatroni wote wanavyojibu: « Lakini iko inatembea? » Akasema iko inatembea. « Basi, tembeza. »

Mwezi mmoja kisha, alianguka Katuba, amebeba mama mmoja na mfuko wa unga wa kilo 25. Hakukuwa na motokari mbele yake, wala hakuwa na mbio. Gurudumu la nyuma liligonga tuta, likaruka mara ya kwanza, likaruka mara ya pili, na wakati linaruka mara ya tatu alikuwa ameshika freni. Gurudumu halikuwa chini. Mama alivunjika mkono, unga ukamwagika katika matope. Kijana alifika nyumbani na magoti yenye damu, na neno lake la kwanza lilikuwa lile la watu wote: « Papa, ni shimo. » Alikuwa anatuhurumia. Yeye alijua, na sisi tulijua. Makuta tuliyotoa hospitalini yangenunua amortisere mbili mpya, na mengine yangebaki.

Tangu siku ile tulitaka kuelewa. Tuliuliza mafundi, tulipima wenyewe, na tuliyoyapata tunawapa hapa.

Amortisere iko na vitu viwili ndani yake, na wengi wetu tunajua kimoja tu. Cha kwanza ni resori, ile chuma iliyojizungusha tunayoiona kwa macho. Resori inabeba uzito. Ikibanwa inashika nguvu, ikiachiwa inairudisha. Ikiwa peke yake, itairudisha karibu yote, sawa mpira unaodunda: juu, chini, juu, chini. Cha pili hatukioni. Ni mafuta. Ndani ya bomba la amortisere mna mafuta, na ndani ya mafuta mna pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likipanda au likishuka, pistoni inayalazimisha mafuta yapite katika yale matundu. Yanapita kwa shida, na ile nguvu ya kuruka inageuka joto. Ni mafuta ndiyo yanayoiambia resori: rudi, lakini rudi polepole.

Ndiyo maana ugonjwa huu unadanganya. Mafuta yakitoka, resori inabaki pale pale. Pikipiki inasimama wima kama kawaida, patroni anaiangalia na kusema iko muzima. Lakini abiria amekaa juu ya mpira.

Kuijua amortisere iliyokufa si kazi ya injinia. Simamisha pikipiki kwenye magurudumu yake mawili, shika nyuma ya kiti kwa mikono yote miwili, kandamiza kwa uzito wako wote, kisha achia. Ikipanda mara moja na kutulia, mafuta iko. Ikidunda mara mbili, mara tatu, mafuta ilikwisha. Fanya vilevile mbele: shika freni ya mbele, kandamiza usukani, achia. Kisha pitisha kidole kwenye ile miguu miwili ya chuma inayong'aa juu ya gurudumu la mbele. Kidole kikitoka na mafuta, raba inayoyazuia imekatika, na vumbi letu jekundu ndilo lililoikata kidogo kidogo. Hayo mafuta yanateremka kuelekea gurudumu, na yakifika kwenye freni, siku utakapoihitaji hutaipata. Kitambaa kikavu kila jioni, kupangusa miguu ile, hakina bei.

Sasa tuje kwenye neno la kufunga na kufungua, maana hapa ndipo tunapopotea wengi. Kwenye resori ya nyuma kuna pete yenye ngazi. Pikipiki nyingi tunazopanda hapa zina ngazi 5. Ngazi ya kwanza inaiacha resori imelegea, ya tano inaibana zaidi. Pete inazungushwa na kle yenye ndoano, ambayo mara nyingi inakuja pamoja na pikipiki ikiwa mpya. Juma la kwanza kle inapotea, kisha fundi anatumia nyundo na patasi, na meno ya pete yanaisha.

Katika parkingi zote utasikia: « Funga mpaka mwisho, resori ipate nguvu. » Sisi pia tuliamini hivyo. Si kweli. Kuzungusha pete hakuongezi nguvu ya resori: chuma ni ile ile, unene ni ule ule. Kinachobadilika ni mahali pikipiki inaposimama. Ukifunga, inakaa juu. Ukifungua, inakaa chini. Ni kama mtu aliyebeba mzigo na kunyoosha magoti: hakupata nguvu mpya, amebadilisha tu kimo.

Na kimo hicho kina maana, kwa sababu gurudumu linahitaji nafasi pande mbili. Likikuta tuta, lipate nafasi ya kupanda. Likikuta shimo, lipate nafasi ya kushuka na kufuata udongo. Pikipiki iliyofungwa mpaka mwisho, manseba akiwa peke yake, haina nafasi ya kushuka. Inapita juu ya mashimo kama mbuzi: gurudumu hewani, freni haina kazi. Ile iliyofunguliwa mpaka mwisho, ikipakia mama na mizigo, haina nafasi ya kupanda. Inagonga chuma kwa chuma, usukani unakuwa mwepesi, na usiku taa yake inaangalia mbinguni na kuwapofusha wanaokuja mbele.

Basi, nafasi inayofaa ni gani? Hapa tunawashukuru wenye VTT, zile baiskeli za milimani zenye amortisere. Watu hao wana desturi moja nzuri: kabla ya kutoka, wanapima. Wanaweka pete ndogo ya raba kwenye mguu wa mbele wa baiskeli, wanakaa juu yake, wanashuka, na kuangalia raba imesukumwa kiasi gani. Wanataka uzito wao peke yake ule sehemu ya 20 mpaka 30 kwa mia ya nafasi yote. Iliyobaki ni ya njia. Tena wazo la kuweka amortisere katika baiskeli hizo lilitoka kwenye pikipiki: kampuni RockShox, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989 na Paul Turner na Steve Simons, ilianza na watu waliotoka katika kazi ya pikipiki. Baiskeli ilikopa kwetu chombo. Sisi tukope kwake desturi ya kupima.

Jioni moja tulifanya hivyo, tukiwa tumekwisha kuweka amortisere mpya. Tulichukua metre ya fundi wa kushona. Tulisimamisha pikipiki juu ya bekiye ya katikati, gurudumu la nyuma likining'inia, tukapima toka katikati ya gurudumu mpaka alama ya chaki chini ya kiti. Kisha tukaishusha, kijana akapanda, tukapima tena alama zile zile. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo tunayoitafuta. Gurudumu la nyuma la pikipiki yetu lina nafasi ya sentimita 10 hivi, kwa hiyo tofauti nzuri ni sentimita 2 na nusu mpaka 3, kidogo juu au chini.

Pete ikiwa kwenye ngazi ya 5, kijana peke yake, tofauti ilikuwa nusu sentimita tu. Ndivyo alivyokuwa anatembea siku zote. Kwenye ngazi ya kwanza, peke yake, ilikuwa karibu 2. Kisha mtu mwingine akapanda nyuma na mfuko wa unga. Kwenye ngazi ya kwanza pikipiki ilikaa zaidi ya sentimita 4, na kwenye ngazi ya 5 ilikaa 3. Tukaelewa. Ngazi ya 5 si mbaya, wala ngazi ya kwanza si mbaya. Kila moja ina mzigo wake. Ubaya ni kuacha pete mahali pamoja mwaka mzima, sawa vile mtu angevaa koti la Juni katika jua la Oktoba.

Tunasikia tayari jibu la wamanseba: « Papa, mimi nibadilishe resori kila saa abiria anashuka? Nitakula nini? » Jibu hilo lina haki. Hatuombi mtu ashuke na kle katika kila kona ya avenue. Tunaomba hivi tu. Asubuhi, manseba anajua siku yake. Kama ni siku ya kuzunguka muji na abiria mmoja mmoja, aweke ngazi ya 2 au ya 3 na kuiacha pale. Kama amekubali safari ya Kipushi na mtu na mizigo, apandishe mpaka 5 kabla ya kutoka, na jioni aishushe. Kushoto na kulia ngazi moja, siku zote. Pikipiki yenye ngazi mbili tofauti inavuta upande mmoja kama mtu mwenye kiatu kimoja. Ni dakika mbili. Tunapoteza dakika nyingi zaidi tukisubiri abiria.

Lakini tuseme wazi pia jambo ambalo pete haiwezi. Hakuna ngazi ya abiria watatu. Hesabu ni rahisi: manseba wa kilo 65, mama wa kilo 70, mfuko wa kilo 25, jumla ni kilo 160. Kitabu cha pikipiki kinaandika kipimo cha uzito ambacho inaruhusiwa kubeba, dereva akihesabiwa ndani, na mara nyingi kitabu hicho hakijafunguliwa tangu siku ya kununua. Kifunguliwe. Ukiongeza abiria wa tatu na mtoto katikati, hakuna fundi duniani atakayekusaidia.

Na mafundi wetu? Tunawaheshimu, maana wanafanya mengi na vyombo kidogo. Lakini kuna mambo matatu tunawaomba waache. La kwanza, kutia vipande vya raba au vya mti katikati ya resori ili « ikaze ». Resori iliyozibwa haina kazi tena: pigo lote linapanda kwenye chuma za pikipiki, na chuma zinapasuka penye soda. La pili, kujaza miguu ya mbele mafuta ya mota, tena yaliyokwisha kutumika. Mafuta ya mota ni mazito kuliko yale ya amortisere. Asubuhi ya Juni, baridi ikiwa kali, yanakuwa kama asali, na mbele inakuwa ngumu kama mti. Kitabu kinasema mafuta ya namna gani na kiasi gani kwa kila mguu, na miguu yote miwili ipate kiasi sawa. Sindano kubwa ya hospitali inatosha kupima. La tatu, kubadilisha amortisere moja ya nyuma na kuacha nyingine ya zamani. Zinafanya kazi kama ng'ombe wawili kwenye jembe moja. Zibadilishwe pamoja.

Sasa tufike kwa sisi mapatroni, maana hapa ndipo penye mzizi. Mapatano yetu na kijana anayetembeza pikipiki yanazungumza makuta ya kila siku, mafuta ya mota, wakati mwingine tairi na mnyororo. Nani anazungumza amortisere? Hakuna. Ikikufa, patroni anasema ni ya manseba, kwa kuwa yeye ndiye anayekimbiza. Manseba anasema ni ya patroni, kwa kuwa pikipiki ni yake. Na katikati ya hao wawili amekaa mama na mfuko wake wa unga, ambaye hakuulizwa. Chombo ambacho hakina mwenyewe katika mapatano hakitengenezwi. Na kwa kuwa mota inaendelea kuwaka, « versement » inaendelea kuingia, na kila mmoja anafunga macho.

Tunapendekeza jambo dogo. Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na amortisere itajwe kwa jina: patroni analipa amortisere na raba zake, manseba anapangusa, anapima na kuweka ngazi inayofaa. Kila mwisho wa mwezi, patroni mwenyewe akandamize kiti kwa mikono yake na kuhesabu mara ngapi kinaruka. Ikiruka mara tatu, siku hiyo asipokee makuta. Siku hiyo ni ya fundi. Sisi tumeanza kufanya hivyo. Ni kweli kwamba juma lile hatukupata kitu. Lakini tulikwisha kujua bei ya njia nyingine.

Kwa wakubwa wa parkingi tunasema hivi: kila siku mnakusanya franka kidogo kwa kila pikipiki. Nunueni kle moja yenye ndoano, ifungwe na mnyororo kwenye mti wa parkingi, kila mtu aitumie. Nunueni na metre moja ya kushona. Kijana mpya akifika, kabla ya kumwonyesha zamu yake, mwonyesheni pete na ngazi zake. Mmewafundisha wengi kuendesha. Fundisho hili ni fupi kuliko lile.

Na sisi abiria, tusijifanye malaika. Tunajua kuuliza bei, tena tunaikata mpaka manseba anachoka. Hatujui kuuliza pikipiki. Kabla ya kupanda, weka mkono kwenye kiti na kukandamiza mara moja. Ikidunda kama mpira, mwambie kwa heshima: « Manseba, hii yako inaruka, mi nitangojea nyingine. » Abiria watano wakisema hivyo kwa siku moja, patroni ataelewa jioni bila barua ya mtu.

Wengine watasema tunawatetea wenye kazi ya barabara. Hapana. Barabara ni deni la Serikali kwetu, na hatulifuti. Tutaendelea kulidai katika ukurasa huu. Lakini deni la mtu mwingine halikuzuii kulipa lako. Shimo la Katuba halingojei ruhusa yetu kuwa shimo. Amortisere inangojea mkono wetu.

Hapa kwetu dereva wa pikipiki tunamwita manseba, ni kusema mjomba, ndugu ya mama. Hatukumwita dereva, wala mgeni. Tulimpa jina la mtu wa nyumbani, ambaye mtoto anaweza kukabidhiwa kwake bila hofu. Jina hilo linamdai, na linatudai sisi tuliomweka juu ya pikipiki.

Mama wa Katuba amepona mkono wake. Tulimtembelea juzi, akatupokea vizuri, akatupa kiti. Kijana wetu alimwambia kwamba pikipiki iko muzuri sasa, amortisere ni mpya, anaweza kumpeleka sokoni bila kulipa. Mama akacheka, akamshukuru. Kisha akachukua mfuko wake, akauweka kichwani, akaenda kwa mguu.